Vipoza oili viwili au vitatu kwenye gari la saketi: dalili, vyanzo na tiba

Mtu akishafunga kipoza oili cha pili kwenye Impreza yake, kisha akaona geji ya joto la oili bado inafika nyuzi 135 kwenye raundi ya tano ya saketi (uwanja wa mbio), wazo linalomjia ni kununua cha tatu. Pesa nyingi zimeishia hapo. Gari linalolalamikiwa joto la oili mara chache lina vipoza vidogo. Mara nyingi hewa imekosa pa kutokea, au oili haipiti inakodhaniwa inapita, na wakati mwingine geji ndiyo inayodanganya.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili zinazojirudia, na chini ya kila dalili chanzo kinachotokea sana kimetangulia. Mfano wangu ni Subaru zenye injini za EJ20 na EJ25 (nitaziita EJ), kwa kuwa ndizo zilizojaa kwenye mbio za lami Kenya. Mwenye Mitsubishi Evo au Toyota Altezza atabadilisha mambo machache tu. Mpangilio ninaouzungumzia ni ule wa kawaida: kipoza kimoja au viwili vya injini nyuma ya bampa la mbele, kimoja cha difu au gia boksi, na pengine kidogo cha usukani wa pawa.

Namba za kushika, na kupima geji yenyewe

Oili ya injini inapenda kukaa kati ya nyuzi 90 na 110. Oili nzuri ya sinthetiki itavumilia 120 bila kelele. Ikifika 130, punguza mwendo raundi nzima. Ikifika 140, ingia piti, yaani eneo la matengenezo kando ya saketi. Difu na gia boksi ningependa zibaki chini ya 120. Kwa presha, kitabu cha kiwanda cha EJ kinataka angalau bar 1 hivi injini ikiunguruma bila kukanyagwa, na bar 3 hivi kwenye mizunguko 5,000, oili ikiwa nyuzi 80. Gari la saketi ningetaka liwe juu ya hapo.

Kabla hujaamini namba yoyote, jua sensa imefungwa wapi. Iliyo kwenye paipu inayotoka kwenye kipoza itakupa namba tamu, na iliyo kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, itakupa namba chungu. Zote mbili ni za kweli, ila inayoeleza injini inaishi vipi ni ya sampu. Anayeweza afunge zote mbili, maana tofauti kati yake ndiyo kazi ambayo vipoza vinafanya.

Sensa unaipima kwa sufuria ya maji yanayochemka. Mombasa au Dar isome 100. Nairobi maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo usiitupe sensa nzima ukidhani imepungukiwa. Ikisoma 110 ndani ya maji hayo, umeshapata ugonjwa wako na hujafungua hata bampa.

Dalili: vipoza vipo, lakini joto halishuki

Geji na usawa wa oili vikishakaa sawa, nenda kwenye hewa. Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko kwingine kote.

Kipoza kinapoza kwa hewa inayopita katikati ya mapezi yake, na hewa haipiti kama upande wa nyuma hauna njia ya kutokea. Watu wanakata tundu zuri mbele ya bampa, wanaweka wavu wa kupendeza, halafu nyuma ya kipoza kuna plastiki ya fenda iliyoziba kabisa. Hewa ikifika pale inakwama na kuzunguka kando. Piga tochi kutoka mbele: usipoona mwanga ukitokea kwenye tao la tairi au chini ya gari, hewa nayo haitokei. Toboa plastiki ya fenda nyuma ya kipoza na uweke wavu wa kuzuia mawe ya tairi.

Halafu ziba kando. Nafasi ya vidole viwili kati ya tundu la bampa na kipoza inatosha kuharibu kazi yote, maana hewa hupenda njia rahisi. Tengeneza mfereji kwa bati laini la alumini au plastiki ngumu, na uzibe kingo kwa sponji nzito. Tundu la mbele si lazima liwe na ukubwa wa kipoza. Linaweza kuwa dogo zaidi mradi mfereji upanuke taratibu hadi kwenye uso wa kipoza bila kukata kona.

Njia rahisi ya kuona hewa inavyokwenda ni kufunga nyuzi fupi za sufi kwenye mapezi, mbele na nyuma, kisha kubandika kamera ndogo inayoziangalia na kupiga raundi mbili. Uzi ulionyooka kuelekea nyuma unaonyesha hewa inapita. Uzi unaocheza ovyo au kugeukia mbele unaonyesha upepo unazunguka. Kwenye vipoza vya pembeni mara nyingi utakuta theluthi ya kipoza inafanya kazi na iliyobaki imelala.

Kama hewa ni safi, rudi kwenye oili:

1. Thamostati, yaani valvu inayoruhusu oili kwenda kwenye kipoza ikishapata joto, haifunguki. Thamostati za pleti nyingi za sandwichi, zile zinazokaa kati ya bloku na filta ya oili, hufunguka karibu na nyuzi 80. Pasha gari joto hadi sampu isome 95, kisha pima paipu zote mbili za kipoza. Zikibaki baridi, fungua thamostati uitie kwenye sufuria ya maji. Nairobi bado inafaa, kwa kuwa 94 imezidi 80.

2. Thamostati ya katikati ya paipu, yenye midomo minne, imefungwa vibaya. Ndani yake kuna njia mbili zilizonyooka na kijia cha mkato kati yake. Ukifunga paipu zote mbili za injini kwenye ncha za njia ileile moja, oili inaingia na kutoka hapohapo na vipoza havionji kitu. Nimeiona hii kwenye magari yaliyofungwa kwa usafi wa hali ya juu.

3. Hewa imenaswa ndani. Kipoza chenye midomo inayotazama chini kinashika hewa kileleni. Midomo itazame juu, au kikilazwa kwa ubavu, oili iingilie chini itokee juu.

4. Mapezi yamejaa matope, wadudu na vipande vya raba. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka nyuma kwenda mbele. Mashine kali ya kuoshea magari inayalaza mapezi kama nywele zilizochanwa, na hayainuki tena.

Likibaki moto baada ya yote hayo, huenda ni injini. Taiming iliyorudishwa nyuma mno, mchanganyiko uliokosa petroli au beringi inayokwaruza vyote vinaingiza joto kwenye oili kuliko kipoza kinavyoweza kutoa. Hapo acha kununua vipoza, lipeleke gari kwa fundi wa kutyuni mwenye dainamomita.

Jambo la mwinuko lisisahaulike. Athi River na Nairobi ziko mita 1,500 hadi 1,700 hivi juu ya bahari, na kwa joto lilelile hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 15. Kwa hiyo hesabu ya kipoza uliyoipata kwa Mwingereza anayekimbia Silverstone itakuangusha. Ongezea hapo saketi fupi za kona nyingi, ambapo mwendo ni mdogo na turbo halipumziki.

Dalili: kipoza kimoja kinachoma, kingine baridi

Hii ni ya waliogawa oili sambamba, yaani paipu moja inatoka, inagawanyika kwa kiungo cha T, inalisha vipoza viwili na kukutana tena. Kwenye karatasi ni mpango mzuri kwa sababu presha haipotei sana. Barabarani oili inachagua upande wenye ukinzani mdogo. Paipu ya kushoto ikiwa nusu mita na ya kulia mita moja na nusu yenye viungo viwili vya nyuzi 90, kipoza cha kulia kitakuwa pambo. Hewa ikinaswa upande huo mambo yanazidi, kwa kuwa hakuna kinachoilazimisha kutoka wakati oili ina njia nyingine.

Pima kwa bunduki ya joto, ile iliyozagaa wakati wa Korona, ukichagua inayofika nyuzi 150 au zaidi kwa sababu zile za paji la uso hazifiki. Alumini inayong'aa huidanganya, hivyo bandika kipande cha tepu nyeusi kwenye mdomo wa kila kipoza na upime juu ya tepu.

Tiba ya kwanza ni kutoa hewa upande baridi. Ya pili ni kusawazisha paipu: urefu mmoja, viungo vilevile, au kurudisha oili kwa mshazari, yaani kipoza kinacholishwa kwanza kiwe cha mwisho kurudisha. Ya tatu, ambayo ndiyo ninayoichagua kwa vipoza viwili, ni kuachana na T na kuvifunga kwa mfululizo. Oili yote inapita vyote viwili, hakuna ubishi. Gharama yake ni presha, na hiyo ndiyo dalili inayofuata.

Dalili: presha imeshuka tangu vipoza vifungwe

Isome dalili hii polepole, kwa sababu ndiyo inayoua injini.

Anza na dipstiki. Paipu ya AN-10 (AN ni mfumo wa saizi za paipu na fiting, namba kubwa ni paipu nene) yenye tundu la milimita 14 hivi inameza mililita 160 kwa kila mita, na kila kipoza kinameza chake. EJ inabeba lita 4 na kitu tu, hivyo mfumo mrefu unaweza kuficha zaidi ya lita 1. Utaratibu ni huu: jaza, washa, pasha hadi thamostati ifunguke, zima, subiri dakika kumi, pima, ongeza. Usijaze kupita alama ya juu kwa kisingizio cha kona. Krenki ikiipiga oili inageuka povu, na pampu haisukumi povu.

Kama usawa uko sawa, linganisha joto kabla ya kulinganisha presha. Oili ya nyuzi 125 lazima ionyeshe presha ndogo kuliko ya 95. Andika presha ya mizunguko ileile kwenye joto lilelile, kabla na baada ya vipoza. Kama huna ya kabla, funga geji mbili, moja kabla ya kipoza cha kwanza na nyingine baada ya cha mwisho. Tofauti ikizidi bar 1 oili ikiwa moto, kuna pahali pamebana. Kagua paipu ya AN-8 iliyotumika mahali pa AN-10, viungo vya nyuzi 90 vilivyochongwa badala ya kupindwa, na paipu iliyokunjika nyuma ya taa. Kagua pia mpira uliochubuka kwa ndani wakati fiting ilipokuwa inaingizwa. Huo wa mwisho ni mbaya: kipande cha mpira kinakaa kama mlango, kinafunguka na kujifunga kinapotaka.

Sasa tofautisha presha iliyo chini muda wote na presha inayodondoka kwenye kona ndefu halafu ikarudi. Ya pili haihusiani na vipoza. Oili imekimbilia pembeni mwa sampu au kwenye hedi na pampu imevuta hewa. EJ zinajulikana pia kwa kijiti cha kunyonyea oili kupasuka kwenye uchomeleo wake, na hapo pampu inavuta hewa hata gari likiwa linanyooka. Dawa ni kijiti kipya kilichoimarishwa na sampu yenye vizuizi.

Simama hapa: taa ya oili ikiwaka hata kwa kupepesa ukiwa kwenye kona, au ukisikia kugonga chini kunakopanda na mizunguko, zima injini palepale, usilirudishe piti kwa mwendo wake. Toa filta uikate kwa kikatio cha filta. Msumeno unaingiza vumbi lake la chuma na kukuchanganya. Tandaza karatasi yake juani. Vipande vinavyonata kwenye sumaku ni chuma. Vinavyometameta na havinati ni nyama ya beringi. Ukiona vya pili, kazi hiyo si yako tena, ni ya fundi wa injini.

Dalili: oili haipati joto, au kuna maziwa kwenye kifuniko

Asubuhi ya Julai Nairobi, gari lenye vipoza viwili visivyo na thamostati linaweza kuzunguka mjini bila kufika nyuzi 70. Maji na petroli vinavyoingia kwenye oili havichemki vikatoka, na unaona utando mweupe chini ya kifuniko cha kujazia. Funga pleti yenye thamostati. Ukisubiri kuipata, ziba nusu ya kipoza kwa tepu ya alumini na ukumbuke kuitoa siku ya saketi.

Usiondoe kile kipoza kidogo cha maji na oili ambacho Impreza ya STI inakuja nacho juu ya filta, isipokuwa nafasi imekulazimisha. Asubuhi ndicho kinachoipasha oili kwa maji ya injini. Lakini kinaweza kutoboka ndani. Kwa hiyo ukiendesha saa nzima oili ikiwa juu ya 90 na bado maziwa yapo, au maji ya rejeta yanapungua, acha kuliendesha. Ni hicho, au ni gasketi ya hedi, na fundi atapima kwa presha kujua ni kipi.

Dalili: oili inavuja

Sehemu inayoongoza ni pleti ya sandwichi, na chanzo kinachoongoza ni raba ya filta ya zamani iliyobaki imenata kwenye bloku. Pleti inafungwa juu yake, raba mbili zinapandana, injini inawaka vizuri, halafu kwenye mizunguko 6,000 oili inachuruzika yote. Pitisha kidole kwenye uso wa bloku kila mara. Kisha kagua bolti ya katikati: ukipanga pleti juu ya kile kipoza cha kiwanda, bolti ya zamani huwa fupi na inashika meno machache tu.

Halafu fiting. Vipoza vingine vina meno ya M22x1.5, vingine nusu inchi ya BSP (kipimo cha meno cha Kiingereza), na paipu za AN-10 zina meno ya inchi 7/8 yenye 14 kwa inchi. M22 na 7/8 zinakaribiana mno, milimita 22 na 22.2, hivyo nati inaingia mzunguko mmoja au miwili kwa mkono na kukaza. Asiyejua anaongeza spana. Nati ikigoma kuingia kwa vidole hadi karibu na mwisho, si mwenzake. Koni nazo zinatofautiana, AN nyuzi 37 na BSP 60, na hazitazibana hata ukazikaza kwa bomba. Tepu nyeupe ya mafundi bomba isiguse koni hizi, maana vipande vyake vinasafiri hadi kwenye vijia vya oili.

Mwisho ni msuguano. Paipu ya waya za chuma ni msasa. Itakata plastiki, rangi, hata paipu ya alumini ya eskoni (kiyoyozi). Ivike mpira na uifunge kwa klipu kila sentimita 30 hivi.

Simama hapa: filta ya EJ iko jirani na mabomba ya moto ya ekzosti. Moshi wa oili kutoka chini ya boneti ukiwa kwenye saketi ni onyo la moto. Toka kwenye mstari wa mbio, zima, shuka, na usifungue boneti kwa pupa, kwa kuwa hewa mpya ndiyo moto unaoingojea. Kizima moto kiwe kimefungwa mahali unapokifikia.

Dalili: joto la maji limepanda baada ya kufunga vipoza

Umevipanga mbele ya rejeta, na rejeta sasa inapumua hewa iliyokwisha pashwa. Vihamishie pembeni nyuma ya taa za ukungu, kila kimoja na mfereji wake. Ikishindikana, kimoja kipana na chembamba mbele ya rejeta ni afadhali kuliko viwili vinene vilivyopandana. Eskoni ikiwa imekufa, kondensa yake iondoke. Inakula hewa bure.

Dalili: pampu ya difu inalia, au haipozi

Difu na gia boksi huwa na pampu ya umeme. Sikiliza kwanza kama inawaka. Fyuzi, rilei na waya wa ardhi uliokaliwa na matope ndivyo vinavyokufa mapema. Ikiwaka na kulia kama inasaga kokoto, imekosa oili: chujio la upande wa kunyonya limejaa unga wa chuma, au mpira laini umebanwa na mnyonyo ukalala bapa. Tumia mpira wenye waya ndani upande huo. Mpangilio ni chujio, pampu, kipoza, kurudi difu.

Usiiwashe pampu oili ikiwa baridi. Oili ya difu ya 75W-90 asubuhi ni nzito na inaunguza mota. Swichi ya joto ya kuiwasha karibu na nyuzi 90 inamaliza ubishi huo. Difu ya nyuma ya STI, iitwayo R180, inabeba lita 1 tu, kwa hiyo ongeza kiasi kilichomezwa na paipu, vinginevyo umeipoza kwa kuinyima. Na kwa kuwa chini ya gari nyuma hakuna upepo wa maana, kipoza hicho kinahitaji feni.

Usukani wa pawa ukilia na chungu kutoa povu, weka kipoza kidogo kwenye paipu ya kurudi. Ya kwenda ina makumi ya bar. Klipu za kawaida zitaruka.

Dalili: injini mpya, beringi zimekufa tena

Injini ya kwanza iligonga, ikatengenezwa, vipoza vikarudishwa vilevile. Vijia vya ndani vimejaa chembe za beringi ya kwanza, na hakuna petroli wala dizeli ya kusuuzia itakayozitoa zote, hasa kwenye vipoza vyenye vizuizi vya ndani. Ninavyoona, kipoza kilichopitiwa na oili ya injini iliyogonga kinakwenda kwa wauza vyuma chakavu, na paipu zake pia, hata kama kiliuzwa ghali. Thamostati inaweza kufunguliwa na kusafishwa.

Kwa sababu hiyohiyo, kipoza cha mtumba kutoka Grogan ya Nairobi au Gerezani ya Dar, kwenye maduka ya vipuri, kinunuliwe kwa jicho. Muuzaji hajui injini yake ilikufaje. Mimina petroli safi ndani, tikisa, mwaga kwenye kitambaa cheupe, na ufanye hivyo mbali na moto. Kitambaa kikimeta juani, mrudishie kipoza chake.